Kufufua mchezo wa simulesheni ulioutelekeza: hesabu kwanza, picha baadaye

Mchezo wa simulesheni ukikaa mwaka mzima bila kuguswa, picha zake haziozi. Kinachopotea ni kumbukumbu ya kwa nini kila namba iko ilivyo: kwa nini gari linakula mililita 140 kwa kilomita, kwa nini abiria anasubiri hatua 90 kabla ya kukata tamaa. Ndiyo maana wengi wanaorudi huanza na kile wanachokiona, menyu na rangi, na wiki ya tatu wanagongana na hesabu zisizojumlika. Hapo hufuta kila kitu, huanza upya, kisha huacha tena.

Mfano tutakaoufuata ni mchezo wa kumiliki daladala: unanunua gari, unaajiri dereva na konda, unapokea hesabu ya siku, unalipa fundi. Umeandikwa kwa injini ya Godot 3 (toleo la 3 la Godot, programu ya kutengenezea michezo) na mtu mmoja, na sasa anataka kuurudia. Mchezo wa shamba, zahanati au kiwanda utapita njia hiyohiyo.

Kabla ya kugusa mstari wowote

Nakili folda nzima kwenye flashi au diski nyingine, halafu weka alama kwenye git, programu inayotunza matoleo ya msimbo wako, ili uweze kurudi hapo wakati wowote:

```
git add -A
git commit -m "Hali ilivyokuwa kabla ya kurudi"
git tag kabla-ya-kurudi
```

Sasa tafuta toleo halisi la injini ulilotumia. Faili la `project.godot` likiwa na `config_version=4`, huo ni mradi wa Godot 3; likiwa na 5, ni Godot 4. Lakini mradi wa Godot 3 hauandiki kama ulikuwa 3.2 au 3.5. Kwenye Windows, angalia folda ya `%APPDATA%\Godot\templates`: violezo vya kutolea mchezo hukaa humo ndani ya folda zenye jina la toleo, kwa mfano `3.5.1.stable`. Pakua kihariri cha toleo hilohilo. Ni faili dogo, halitamaliza bando lako. Violezo ndivyo vyenye uzito wa mamia ya megabaiti, na kwa sasa huna haja navyo.

Usiufungue mradi kwa Godot 4 hata kwa kuchungulia tu. Kihariri kipya kitakuuliza kama kiubadilishe, na mkono una haraka kuliko kichwa.

Mchezo ukiwaka, cheza siku 30 za ndani ya mchezo, mara tatu, bila kurekebisha chochote. Kila mara andika namba nne kwenye karatasi: pesa za mwisho, abiria waliobebwa, mafuta yaliyonunuliwa, mara gari lilipoharibika. Hazitafanana, na tofauti zake ni muhimu. Mizunguko mitatu ikikupa pesa 1,410,000, 1,485,000 na 1,390,000, basi huo ndio upana wa kawaida wa mchezo wako. Baadaye, ukishajenga upya, matokeo ya 900,000 yatakuambia kuna kitu umekivunja, hata kama kila kitu kinaonekana sawa kwenye skrini.

Kasoro utakazoziona wakati unacheza, ziandike tu. Kurekebisha sasa ni kuharibu kipimo chako.

Toa moyo wa mchezo nje ya skrini

Michezo mingi ya kwanza huandikwa hivi: kila daladala ni nodi (kipande cha kujengea mchezo kwenye Godot) yenye picha, na ndani ya `_process(delta)`, kazi inayoitwa kila fremu huku `delta` ikiwa sekunde zilizopita tangu fremu iliyotangulia, nodi hiyo inasogea, inakula mafuta na kupokea nauli. Kitufe cha kuharakisha kinapandisha tu `Engine.time_scale` hadi 8. Mchezo unaenda, lakini tazama kinachotokea kwenye simu ya bei nafuu.

Simu inachora fremu 20 kwa sekunde, yaani kila fremu ina sekunde 0.05. Kwa kasi ya 8, `delta` inakuwa 0.4. Gari linalokwenda pikseli 120 kwa sekunde linaruka pikseli 48 kwa mkupuo mmoja. Eneo la kituo lina upana wa pikseli 30. Gari lilikuwa kabla ya kituo, fremu inayofuata liko baada yake, na halikusimama. Mchezaji anaona abiria wamejaa kituoni na mapato yanashuka kila akiharakisha mchezo, anadhani ni ugumu uliokusudiwa. Kwenye kompyuta yako yenye fremu 60 gari linaruka pikseli 16 tu, kwa hiyo kasoro hiyo hutaiona kamwe.

Dawa ni kuwa na hatua za muda zisizobadilika. Simulesheni isonge hatua 10 kwa kila sekunde ya kawaida, siku moja ya mchezo iwe hatua 1,200, yaani dakika mbili. Kuharakisha maana yake ni kupiga hatua nyingi zaidi. Urefu wa kila hatua unabaki uleule.

```
const HATUA = 0.1
var akiba = 0.0
var kasi = 1

func _process(delta):
    akiba += min(delta, 0.25) * kasi
    var zilizopigwa = 0
    while akiba >= HATUA and zilizopigwa < 12:
        ulimwengu.piga_hatua()
        akiba -= HATUA
        zilizopigwa += 1
    if zilizopigwa == 12:
        akiba = 0.0
```

Ukomo wa 12 usiuondoe. Bila huo, simu ikizidiwa fremu moja, fremu inayofuata inadaiwa hatua nyingi zaidi, inachelewa zaidi, na deni linakua hadi mchezo unaganda. Ni afadhali saa ya mchezo ichelewe kidogo. Na kwa kuwa sasa kasi unaishika mwenyewe, rudisha `Engine.time_scale` kuwa 1, la sivyo utaharakisha mara mbili.

`ulimwengu` hapo juu, ambao ndio moyo wa mchezo, si nodi. Ni darasa la kawaida linalorithi `Reference`, ambalo kwenye Godot 4 linaitwa `RefCounted`. Ndani yake hakuna `get_tree()`, hakuna picha wala sauti. Nodi za magari zinabaki, ila kazi yake sasa ni kusoma gari namba 7 liko wapi na kulichora hapo. Hamisha kipengele kimoja kwa wakati: abiria kwanza, kisha mwendo, kisha mafuta, mwisho pesa. Ukijaribu kuhamisha vyote kwa wikiendi moja, Jumapili usiku utakuwa na mchezo usiowaka na hujui ni kipi kilichouzima.

Ndani ya moyo huo tumia namba kamili peke yake. Pesa ziwe shilingi nzima, umbali mita, muda hatua. Mafuta yana mtego wake. Gari linakula mililita 140 kwa kilomita. Barabara ikiwa nyeupe linakwenda mita 400 kwa hatua, sawa na mililita 56, hakuna shida. Kwenye foleni linasogea mita 5, yaani mililita 0.7, na namba kamili inaikata kuwa 0. Foleni inakuwa ya bure, na mchezaji mjanja atapitisha magari yake yote kwenye foleni. Hesabu kwa maikrolita: 140 kwa kila mita, kwa hiyo mita 5 ni 700. Unagawanya kwa 1,000,000 pale tu unapoonyesha lita kwenye skrini.

Kisha tafuta kila `yield` (amri ya Godot 3 ya kusimamisha kazi hadi kitu kitokee) inayosubiri sekunde. Mstari kama `yield(get_tree().create_timer(5), "timeout")` kwa ajili ya gari lililoko gereji unafuata saa yake wenyewe, nje ya hesabu ya hatua zako, na mchezaji akihifadhi na kufunga mchezo katikati ya kusubiri, kusubiri huko hakuhifadhiwi. Gari linabaki gereji milele. Badala yake andika `g.tayari_hatua = hatua_sasa + 50`, na kila hatua uangalie kama muda umefika. Namba hiyo inahifadhika kama nyingine yoyote.

Bahati nasibu iliyo mkononi mwako

Godot 3 isipopewa `randomize()`, amri ya kuchanganya bahati nasibu, hurudia mfuatano uleule kila mchezo unapowaka. Godot 4 hujichanganya yenyewe kila mara. Kama hukuwahi kuliita `randomize()`, mchezo wako ulikuwa ukitabirika bila wewe kujua, na ukihamia utaacha kutabirika. Kwa picha za moshi na milio ya honi hilo halina neno. Kwa moyo wa simulesheni, andika kizalishaji chako cha namba za nasibu, kinachoanza na namba iitwayo mbegu:

```
var mbegu = 1

func nasibu():
    mbegu = (mbegu * 1103515245 + 12345) & 0x7fffffff
    return (mbegu >> 16) & 0x7fff
```

Kinatoa namba kati ya 0 na 32,767. Ukianza na mbegu 1, tatu za kwanza lazima ziwe 16838, 5758 na 10113. Zikiwa tofauti, umekosea kunakili. Kwa siri za benki hakifai hata kidogo, lakini kuamua kama pancha itatokea leo kinatosha, na kinatoa majibu yaleyale kwenye Godot 3, Godot 4, simu na kompyuta. Nafasi ya pancha ya asilimia 2 ni `nasibu() < 655`.

Chunga pia kupanga orodha. `sort_custom` haiahidi kuacha vitu vilivyo sawa katika mpangilio wao wa awali. Abiria wawili wenye muda sawa wa kusubiri wanaweza kubadilishana nafasi, mmoja akapata kiti cha mwisho, na kuanzia hapo dunia mbili zinaachana. Wakifungana, amua kwa namba ya kitambulisho.

Alama ya kidole ya mchezo

Hatua zikiwa thabiti, namba zikiwa kamili na bahati ikiwa yako, siku 30 zenye mbegu ileile lazima ziishie mahali palepale daima. Igeuze hali hiyo iwe mstari mmoja wa maandishi:

```
func alama():
    var s = "%d|%d|%d" % [hatua_sasa, pesa, mbegu]
    for g in magari:
        s += "|%d,%d,%d" % [g.id, g.mita, g.mafuta_ul]
    return s.sha256_text()
```

Usitumie JSON (muundo wa kuandika data kama maandishi) kutengeneza maandishi haya. `JSON.print` ya Godot 3 haipangi funguo usipoiamuru, `JSON.stringify` ya Godot 4 huzipanga yenyewe, na utapoteza usiku mzima ukitafuta kasoro isiyokuwepo.

Tengeneza faili dogo la `.tscn` (onyesho la Godot) lenye nodi moja. Ndani ya `_ready()` liite `piga_hatua()` mara 36,000, ambazo ndizo siku 30, lichapishe alama na lifunge. Pesa za mwisho zilinganishe na karatasi yako ya mwanzo. Kuzidi au kupungua kidogo ni kawaida, maana umeondoa kasoro ya kuruka vituo. Ukiridhika, andika alama hiyo ndani ya mradi. Kuanzia sasa, kila ukisafisha msimbo bila kukusudia kubadili kanuni, alama isibadilike. Ikibadilika, chapisha alama kila baada ya hatua 1,200, ujue ni siku ipi dunia mbili ziliachana, kisha shuka hatua kwa hatua ndani ya siku hiyo. Kasoro ambayo ingekula wiki unaipata kabla chai haijapoa.

Kuhamia Godot 4, au kubaki

Kama mchezo ulikuwa umebakiza mwezi mmoja kutoka, baki kwenye Godot 3 uumalize. Tawi la 3.6 lilitoka 2024 na linafanya kazi. Hama kama kuna kitu mahususi unachokihitaji, si kwa sababu toleo jipya lipo. Kumbuka pia kwamba Godot 4 haina tena kichoraji cha GLES2. Hata kile chepesi chake, Compatibility, kinataka OpenGL ES 3.0. Simu kuukuu sana zitaachwa nyuma.

Ukiamua kuhama, fanya kwenye nakala. Kigeuzi cha injini hubadilisha majina: `KinematicBody2D` inakuwa `CharacterBody2D`, `instance()` inakuwa `instantiate()`, `onready` inapata `@` mbele yake. Zaidi ni majina. Yafuatayo yapitie mwenyewe.

`setget`, neno la Godot 3 linalofunga kigezo na kazi ya kuweka au kusoma thamani yake, ndiyo yenye hila kuliko zote. Kwenye Godot 3, ukiandika `pesa = 500` ndani ya skripti ileile bila `self.`, kazi ya kuweka thamani haikuitwa. Kwenye Godot 4 inaitwa daima, isipokuwa ukiwa ndani ya kazi hiyo yenyewe. Kama ndani yake ulicheza mlio wa sarafu na kuandika kwenye daftari la mapato, sasa kupakia mchezo uliohifadhiwa kunalia kama mashine ya kamari na daftari linahesabu mapato ambayo hayakutokea. Kosa halionyeshwi popote; ni namba tu zinazovimba.

Viunganishi vya ishara, kama `kitufe.connect("pressed", self, "_nunua")`, viandike upya kwa mtindo wa `kitufe.pressed.connect(_nunua)`. Nodi ya Tween imeondoka, tumia `create_tween()`. `File` sasa ni `FileAccess`. Ramani za vigae zipitie kwa macho, kigae kwa kigae.

Baada ya mradi kuwaka, endesha kipimo bila dirisha:

```
godot --headless --path . res://majaribio/siku30.tscn
```

Alama ikilingana na ya Godot 3, moyo umevuka salama, na chochote kilichoharibika sasa kiko kwenye picha. Folda ya `.godot` isiingie kwenye git. Mafaili ya `.import` yaingie, na kuanzia 4.4 hata yale ya `.uid`.

Mafaili ya wachezaji

Waliocheza toleo lako la zamani watarudi na hifadhi zao. Ukiwapotezea kampuni ya magari kumi, hawatarudi tena.

Kwanza jina la mradi: usilibadilishe hovyo. Kwenye kompyuta, kwa kawaida `user://`, mahali mchezo unapoweka hifadhi, iko ndani ya folda yenye jina hilo, kwa hiyo ukibadili "Daladala" kuwa "Daladala 2" hifadhi zote zinaonekana zimepotea, kumbe ziko folda ya jirani.

Kama ulihifadhi kwa `store_var`, njia ya Godot ya kuandika thamani moja kwa moja kwenye faili, Godot 4 haitalielewa faili. Kila aina ya thamani ina namba yake, na namba zimesogea: kamusi ilikuwa 18, sasa ni 27, na 18 imepewa `Transform3D`. Andika programu ndogo kwenye Godot 3 inayosoma kwa `get_var` na kuandika JSON, na itoe kama sasisho la mwisho la toleo la zamani.

JSON nayo ina tabia zake. Namba zote hurudi zikiwa za desimali, kwa hiyo 7 inakuwa 7.0, zipitishe kwenye `int()`. Funguo za kamusi zilizokuwa namba hurudi zikiwa maandishi, na `magari[7]` haipo tena, ipo `magari["7"]`. Namba inayozidi 9,007,199,254,740,992 hupoteza tarakimu za mwisho. Shilingi za mchezaji hazifiki huko, ila `state` ya `RandomNumberGenerator`, kizalishaji cha nasibu cha Godot yenyewe, hufika kwa urahisi, kwa hiyo ukiitumia ihifadhi kama maandishi.

Weka `"toleo": 1` ndani ya kila hifadhi, na kila mabadiliko yawe na kazi yake: `kutoka_1_kwenda_2`, `kutoka_2_kwenda_3`. Hifadhi ya zamani hupitia zote kwa zamu. Usiruke toleo kwa njia ya mkato. Na kwa kuwa umeme hukatika, andika kwanza `hifadhi.tmp`, lifunge faili, ndipo ulibadilishe jina kuwa `hifadhi.json`. Umeme ukikatika katikati, hifadhi ya jana bado ipo.

Hesabu ya siku

Sasa ndipo unaporuhusiwa kugusa kanuni. Chukua karatasi. Gari moja: safari 10, abiria 30, nauli 600, jumla 180,000. Kilomita 150 ni lita 21. Kwa 3,000 kwa lita ni 63,000. Dereva na konda 40,000. Fundi na faini 27,000. Inabaki 50,000 kwa siku.

Gari la pili ukilipangia 20,000,000 kama dukani, mchezaji anasubiri siku 400 za mchezo, sawa na saa 13 na dakika 20. Hakuna atakayefika. Kwa 3,000,000 ni siku 60, saa mbili, na hapo inachezeka. Lakini tazama mbele: magari mawili yanaingiza 100,000, la tatu linakuja kwa siku 30, la nne kwa 20, na baada ya hapo pesa hazina maana tena. Wengi hukimbilia kupandisha bei ya gari. Breki nzuri zaidi ni abiria wenyewe: kituo kizalishe watu wachache kuliko viti pale magari yanapozidi matatu kwenye njia moja, ili mchezaji alazimike kutafuta njia mpya. Dalili ya mizani mbovu ni moja: watu wakicheza kwa kasi ya 8 muda wote, wanasubiri tu, hawachezi.

Upande wa nguvu za simu: kasi ya 8 ni hatua 80 kwa sekunde, kwa hiyo baadhi ya fremu hubeba hatua mbili ndani ya milisekunde 16.6. Hatua moja isizidi milisekunde 4 kwenye simu dhaifu unayoilenga. Abiria 3,000 usiwape nodi kila mmoja; wakae kwenye orodha, na kila hatua shughulikia sehemu ya kumi yao kwa sharti la `id % 10 == hatua_sasa % 10`. Badiliko hili linabadili alama ya kidole, kwa hiyo chukua nyingine.

Ukirudi Google Play

Tafuta faili la ufunguo wa saini leo, kabla mchezo haujakamilika. Lijaribu kwa `keytool -list -v -keystore jina.keystore` uone kama nenosiri unalikumbuka. Ukiwa umejiunga na Play App Signing, huduma ambayo Google hukutunzia ufunguo mkuu wa saini, ufunguo wa kupakia uliopotea unaweza kuombewa mwingine. Usipokuwa umejiunga, hutaweza kusasisha programu ileile. Utatoa mpya, bila wachezaji wala maoni ya zamani. Play pia hupandisha kila mwaka kiwango cha Android kinacholengwa: kuanzia 31 Agosti 2025, ilitakiwa programu mpya na masasisho yalenge API 35 (Android 15). Mchezo uliotolewa kwa toleo la injini la miaka mitatu iliyopita unaweza kukataliwa hapo, na hiyo ni sababu nyingine halali ya kuhama ambayo ni bora uijue mwanzoni kuliko siku ya kupakia.